Ghorofani Kariakoo, kwa Fundi wa Kamera

Ukimwuliza mama yeyote wa Tanga, Morogoro au Mtwara anakwenda Kariakoo kufanya nini, atakutajia vitenge, vyombo vya nyumbani, sare za shule na labda mapazia ya sebuleni. Ni kweli, kwa miaka mingi mitaa ile ya Dar es Salaam imekuwa duka la nchi nzima. Lakini iko Kariakoo nyingine ambayo wengi wetu hatuijui, kwa sababu haiko barazani wala kwenye meza za wamachinga. Iko ghorofani, mwisho wa ngazi nyembamba, katika vyumba vidogo vyenye taa kali na mafeni yanayozunguka mchana kutwa. Huko ndiko wanakokaa mafundi wa vitu vidogo: simu, saa, redio na kamera. Mwezi huu nawaalika tupande ngazi hizo pamoja, maana yanayofanyika huko yanatuhusu sana sisi tunaotunza kumbukumbu za familia.

Kilichonipeleka

Mama mkwe wangu anaishi Muheza na ana umri wa miaka 79. Mwaka 2006 mwanawe wa mwisho, shemeji yangu, alimletea zawadi ya kamera ndogo ya kidijitali, ile ya kutia mfukoni, inayotumia betri mbili ndogo kama zile tunazoweka kwenye saa za ukutani. Mama aliifurahia. Alipiga picha chache, akawa anaziangalia kwenye kioo kidogo cha nyuma na kuwaonyesha majirani. Hakuna aliyezisafisha kwenye karatasi.

Baba mkwe alifariki mwaka 2011. Picha pekee iliyobaki mikononi mwetu ilikuwa ile ya kitambulisho, iliyokuzwa kwa ajili ya mazishi hadi sura ikawa kama ya mtu aliye nyuma ya chandarua. Wajukuu waliozaliwa baadaye hiyo ndiyo sura ya babu wanayoijua.

Juni 2025 mama alinikabidhi kamera ile ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. "Mwanangu," akaniambia, "humu ndani yumo baba yenu. Nitafutie mtu wa kumtoa."

Nilipofungua kifuniko cha betri nilikuta unga mweupe uliochanganyika na ukijani. Betri zilikuwa zimevuja ndani. Sisi wauguzi tunajua kwamba maji ya betri za namna hiyo ni alkali kali, huunguza ngozi na kudhuru macho, kwa hiyo nilivaa glavu, nikazitoa na kufuta kwa pamba. Nikaweka betri mpya. Kamera haikuwaka. Nilipofungua mahali pa kadi ya kumbukumbu, palikuwa patupu. Hata kadi haikuwahi kuwekwa. Mpiga picha mmoja wa Tanga mjini aliigeuza mara mbili mkononi, akanirudishia. "Mama, hii ni ya Kariakoo."

Njiani

Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni kilomita 350 hivi. Basi la alfajiri hupita Muheza wakati wauza machungwa wanapanga mafungu yao kando ya barabara, kisha Segera, ambapo barabara ya Moshi na Arusha huachana na yetu. Baada ya hapo ni Kabuku na mashamba ya mkonge, Mkata, halafu Mto Wami ambao siku hizi huvukwa kwa daraja jipya pana. Waliosafiri zamani wanakumbuka lile daraja la kale lembamba, gari moja likisubiri lingine lipite. Chalinze abiria hununua mahindi ya kuchoma, na kuanzia Mlandizi na Kibaha unaanza kuuona msongamano wa jiji.

Tangu mwaka 2021 mabasi ya mikoani huishia kituo kikuu cha Mbezi. Ukifika hapo, mwanangu au dada unayekwenda mara ya kwanza, usikubali kuchukuliwa mzigo na mtu usiyemjua. Panda usafiri wa kwenda Kimara, kisha basi la mwendokasi linaloandikwa Gerezani. Linapita Magomeni, linakata kona Fire na kuingia Mtaa wa Msimbazi. Ukishuka Msimbazi, Kariakoo iko pande zote mbili zako.

Mitaa yenye historia

Jina Kariakoo limetokana na maneno ya Kiingereza yaliyotajwa kwa ulimi wetu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916, eneo hili lilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi, Waafrika waliobebeshwa risasi na chakula mgongoni, na kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Watu wakaita Kariakoo, na jina likabaki. Soko lenyewe, lenye paa la zege lililojengwa kama miavuli mikubwa, lilibuniwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Liliungua Julai 2021, lakini biashara ya mitaani haikulala hata siku ile. Wapagazi nao bado wapo, wakisukuma mikokoteni na kupiga kelele "Pisha! Pisha!" huku wakipita katikati ya akina mama wanaopima vitenge.

Nilipita Mtaa wa Aggrey, ambako kila mlango ni duka la simu. Mkoba nilikuwa nimeubeba mbele, na kamera imo ndani ya kitambaa cha mama.

Fundi wa kwanza

Nilielekezwa kwa vijana wawili waliokuwa na meza chini ya ngazi za jengo moja. Walinisalimia vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu."

Mmoja alichukua kamera, akatazama kwenye chumba cha betri, akaitikisa karibu na sikio. "Mama, bodi imekufa. Tunakubadilishia bodi kuu yote kwa elfu sabini. Jioni unaondoka nayo inawaka."

Bodi ni kile kibao chembamba, mara nyingi cha kijani, ambacho juu yake vimepandwa vipande vidogo vya umeme kama mbegu kwenye kitalu. Kifaa chochote cha kisasa kinacho, redio, simu hata pasi nyingine. Habari ya kwamba kamera ingewaka jioni ile ilikuwa nzuri. Lakini kazi yangu imenizoesha jambo moja: kabla mgonjwa hajatia sahihi fomu ya kukubali upasuaji, ana haki ya kuuliza ni nini kitakachoondolewa na ni nini kitakachobaki. Basi nikauliza.

"Na picha zilizomo je?"

"Zitakuwepo, mama. Si ziko kwenye kadi?"

"Haina kadi."

Kijana alifungua mahali pa kadi, akatazama, kisha akamtazama mwenzake. "Basi ziko kwenye bodi yenyewe," alisema. "Tukiitoa, zinaondoka nayo."

Nawashukuru vijana wale kwa kusema kweli. Wangeweza kunyamaza wakapata elfu sabini zao, nami ningepanda basi la kurudi Tanga na kamera inayowaka vizuri ikiwa haina kitu ndani. Ni wao walionionyesha ngazi za kwenda juu. "Yuko mzee mmoja ghorofa ya pili. Anajua kamera tangu za filamu."

Fundi wa ghorofa ya pili

Chumba chake kilikuwa kidogo kama jiko la nyumba ya kupanga. Juu ya meza palikuwa na taa yenye lenzi ya kukuzia, bisibisi nyembamba kama sindano za kushonea, kibano, chuma cha kulehemu na chupa ya spiriti. Ukutani kulikuwa na rafu za mikebe ya biskuti, kila mmoja umeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Fundi ni mtu wa miaka hamsini na kitu. Alianza kazi miaka ya 1990, wakati kamera nyingi zilikuwa za filamu.

"Karibu kiti, dada. Mgonjwa ana nini?"

Nilimweleza. Hakushika bisibisi. Alianza na maswali, kama daktari mzuri anavyofanya. Mara ya mwisho iliwaka lini? Ilianguka? Iliingia maji? Kabla haijazimika, picha zake zilikuwa zinatoka nyeusi au za rangi ya zambarau?

Nilimwuliza kwa nini zambarau. Akaniambia kwamba ndani ya kila kamera ya kidijitali, nyuma ya lenzi, kuna kipande kinachofanya kazi ya jicho, wanachokiita sensa. Mwaka 2005 kampuni ya Sony ilitangaza kwamba baadhi ya sensa zake zilikuwa na hitilafu, na zilikuwa zimetumika ndani ya kamera za makampuni mengi, yakiwemo Canon, Nikon na Fujifilm. Miunganisho yake ya ndani ililegea hasa katika mazingira ya joto na unyevu. Kamera iliwaka, picha za zamani zilionekana vizuri, lakini picha mpya zilitoka nyeusi au zimevurugika rangi. Makampuni yalizitengeneza bure wakati huo.

"Kwa hiyo ninauliza kwanza ili nisimpasue mgonjwa tumbo kumbe anaumwa jicho," alisema. "Hii yako haiwaki kabisa. Hilo si jicho. Ama umeme haufiki, ama unafika na ubongo hauamki."

Kisha akanichorea kwenye karatasi. Kamera nyingi ndogo zina bodi zaidi ya moja. Iko bodi kuu, ambayo ni kama ubongo: ndiyo inayotengeneza picha na kuziweka kwenye kadi, na kama hakuna kadi, kwenye kumbukumbu ndogo iliyo juu yake yenyewe. Katika kamera ya mama kumbukumbu hiyo ilikuwa ya megabaiti 16 tu, zinazotosha picha chache zisizofika hata ishirini. Kisha iko bodi ndogo ya umeme, iliyo karibu na betri. Hiyo hupokea volti 3 kutoka betri mbili na kuzigawa kwa nguvu mbalimbali: mota ya lenzi, sensa, kioo cha nyuma na taa ya flashi. Alkali ya betri hupanda taratibu kwenye nyaya kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari, na mahali pa kwanza inapofika ni hapo.

"Kama imekula bodi ndogo tu," alisema, "nabadilisha hiyo, na ubongo siugusi. Kama imefika bodi kuu, itabidi tuongee tena."

Nilimwuliza kama picha zinaweza kukaa miaka 14 bila umeme. Hakunidanganya. Alisema kumbukumbu ya namna ile haihitaji betri ili ishike picha, na hutegemewa kukaa miaka kumi au zaidi, lakini joto huipunguzia umri. Muheza si mahali pa baridi. Tulikubaliana bei, shilingi elfu arobaini pamoja na spea, na hakutaka malipo kabla.

Upasuaji mezani

Sikutegemea kwamba ningeona chumba cha upasuaji Kariakoo, lakini ndicho nilichokiona. Fundi alitandika karatasi nyeupe na kuchora juu yake umbo la kamera. Kila skrubu aliyoitoa aliiweka mahali pake kwenye mchoro. "Hazilingani urefu," alinieleza. "Ndefu ukiirudisha mahali pa fupi, inatoboa bodi." Alizihesabu kwa sauti: kumi na moja. Nilikumbuka jinsi tunavyohesabu vibano na pamba kabla ya kumshona mgonjwa.

Ganda lilipofunguka alinizuia kwa mkono nisisogee. Alinionyesha mkebe mdogo mweusi, mnene kama kidole. Hiyo ni kapasita ya flashi. Akina mama, hapa naomba msome polepole. Ili taa ya flashi iwake kwa ghafla, kamera hukusanya umeme kutoka betri zile ndogo na kuukuza hadi takriban volti 300. Umeme wa ukutani majumbani mwetu ni volti 230. Kapasita hiyo inaweza kubaki na umeme wake hata baada ya kuzima kamera na kutoa betri. Kamera ya mama ilikuwa imelala miaka mingi, lakini fundi hakutaka kubahatisha. Alipima kwa mita, kisha akagusisha kizuizi cha umeme chenye mipini ya plastiki ili kumaliza chochote kilichobaki, halafu akapima tena. Kumbe kale kakamera ambako mtoto anaweza kukageuza kuwa kitu cha kuchezea kanaweza kumpiga shoti mbaya akikafungua.

Baada ya hapo akainua kwa kibano ulimi mdogo wa plastiki na kuchomoa tepe nyembamba za nyaya zinazounganisha bodi. Chini ya lenzi ya kukuzia alinionyesha bodi ndogo. Njia zake za shaba zilikuwa zimekuwa kijani, na mahali pamoja zilikuwa zimekatika kabisa. Kisha akaigeuza bodi kuu upande huu na ule, muda mrefu, bila kusema neno. Mimi nilikuwa nimeshika kile kitambaa cha mama.

"Safi," alisema hatimaye. "Haijafika."

Alishusha mkebe mmoja wa biskuti. Ndani yake kulikuwa na kamera mbili mfu za aina ileile, moja imevunjika lenzi na nyingine kioo. Kwa vifaa ambavyo viwanda viliacha kuvitengeneza zamani, spea hupatikana kwa namna hiyo: mmoja aliyekufa anamsaidia aliye hai. Lakini haitoshi kamera zifanane kwa sura. Fundi alisoma namba iliyochapwa kwenye bodi ya zamani, kisha ile ya spea, akanipa lenzi nami nizisome. Kama sisi tunavyosoma mara mbili, wauguzi wawili, jina la mgonjwa na kundi la damu kabla ya kumwongezea damu. Namba zililingana.

Vyuma vya betri alivisafisha kwa pamba yenye tone la siki, maana asidi hafifu huua nguvu ya alkali, kisha kwa spiriti. Akakata kwa chuma cha moto nyaya mbili nene, nyekundu na nyeusi, akazilehemu kwenye bodi ya spea. Akarudisha tepe, moja baada ya nyingine, na kufunga kila ulimi. Aliacha ganda wazi nusu, akatia betri mpya.

Alibonyeza. Lenzi ilijitokeza taratibu na kulalamika kidogo, kioo kikawaka, na kamera ikauliza tarehe na saa, kama mgonjwa anayezinduka baada ya dawa ya usingizi.

Picha 14

Kabla ya kuniacha nitazame, fundi aliunganisha waya kwenye kompyuta yake. "Kwanza tuokoe, ndipo tutazame," alisema. Alinakili kila kilichokuwemo, mara mbili, sehemu mbili. Picha zilikuwa 14. Mbili hazikufunguka. Moja ilikuwa ya ardhi na kidole gumba cha mguu wa mama. Nyingine zilikuwa za majirani, kuku, na mchungwa ulio nyuma ya nyumba.

Ya tisa ilikuwa ya baba mkwe. Ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, anamenya chungwa kwa kisu, na ganda linaning'inia refu bila kukatika. Hamtazami mpiga picha. Anacheka na mtu aliye pembeni, meno yote nje, pengo la juu linaonekana. Nilimjua mzee yule kwa miaka kumi na mbili, na nilikuwa nimelisahau lile pengo.

Ya kumi na moja pia ni yake, amesimama mlangoni na shati jeupe, siku ambayo mama anasema walikuwa wanakwenda kwenye harusi.

Nilizisafisha picha hizo katika studio iliyo chini ya jengo lilelile, na kuweka nakala kwenye kadi, kwenye simu yangu na kwa shemeji. Fundi alimaliza umeme wa kapasita tena, akafunga ganda, na kuhesabu skrubu: kumi na moja. Aliniandikia risiti na kunipa bodi ya zamani ndani ya bahasha, ili nijue kilichotolewa.

Nilimwuliza kama bado anapata kazi, maana sasa kila mtu anapiga picha kwa simu. Alicheka. Ni kweli kwamba biashara ilianguka. Mwaka 2010 viwanda vya Japani vilipeleka sokoni kamera ndogo za aina hii zaidi ya milioni 100, na mwaka 2023 hazikufika hata milioni mbili. Lakini siku hizi, alisema, wanapanda ngazi zake vijana waliozaliwa baada ya mwaka 2000, wakiwa na kamera za wazazi wao walizozikuta kabatini. Wanapenda rangi zake. Na wengine, kama mimi, wanapanda kutafuta mtu.

Mama mkwe alipopewa picha ile ya tisa aliisogeza mbali na macho, kisha karibu, kisha mbali tena. "Kisu kile bado ninacho," alisema. Akainuka kwenda jikoni kukitafuta. Sasa picha iko ukutani Muheza, na ile ya kitambulisho imerudi kwenye bahasha yake.

Mambo ya kukumbuka nyumbani

Mpenzi msomaji, huenda kabatini mwako iko kamera kama hiyo, au simu ya zamani iliyozimika. Kabla hujaitupa au kuipeleka kwa fundi, yafikirie haya:

1. Tafuta kwanza picha ziko wapi. Kama kuna kadi, itoe uiweke pembeni. Bodi ikibadilishwa, kadi haiguswi. Kama hakuna kadi, picha zinaweza kuwa kwenye bodi kuu, na bodi hiyo haifai kutolewa kabla hujamweleza fundi.

2. Toa betri kwenye kifaa chochote ambacho hakitatumika kwa mwezi mmoja au zaidi. Ukikuta zimevuja, vaa glavu, usiruhusu watoto washike, na nawa mikono vizuri. Ikiingia machoni, osha kwa maji mengi safi kwa angalau dakika kumi na tano na uende hospitali.

3. Sisi wa pwani tuna joto, unyevu na chumvi hewani. Hifadhi kamera mahali pakavu, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe za kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya na mikoba. Viweke mbali na watoto wadogo, maana huvidhania ni vya kuliwa. Usiifungie kamera kwenye mkoba wake wa ngozi kwa miaka. Lenzi hushika ukungu.

4. Mtoto asifungue kamera yenye flashi, hata kama ni mbovu na haina betri. Ukiwa na kijana anayependa ufundi, mpeleke akajifunze kwa fundi anayejua kumaliza umeme wa kapasita.

5. Mwulize fundi maswali matatu kabla ya kukubaliana bei: unabadilisha bodi ipi, hiyo bodi imebeba nini, na je, utanipa ile ya zamani? Fundi mzuri hakasirishwi na maswali hayo. Anayekasirika, chukua kamera yako ushuke ngazi taratibu.

6. Picha ikipatikana, isibaki mahali pamoja. Isafishe kwenye karatasi walau moja. Karatasi haihitaji betri.

Akina mama tunajulikana kwa kutunza. Tunahifadhi kadi za kliniki, vyeti vya ubatizo, kanga za marehemu bibi zetu. Tuzitunze na hizi picha zilizofichika ndani ya vifaa vidogo vilivyozimika. Na siku ukisimama mbele ya meza ya fundi, naye amekwisha kushika bisibisi, mwambie asubiri kidogo akujibu kwanza hicho anachotaka kukitoa kimebeba nini.